Kura ya Siri ya Harlow Gore

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Machi 2005, viti vya ukumbi wa mji mdogo wa Harlow Gore, kaskazini mwa Marekani, vilikuwa vimejaa, na waliokosa nafasi walisimama ukutani huku theluji ikiyeyuka kwenye mabuti yao. Kwa kawaida mkutano wa mwaka wa mji ulivuta nusu ya watu hao. Odile Gagnon alijua kilichowaleta ni hoja yake. Hakujua kama wamekuja kuiunga mkono au kuizika.

Hoja ilikuwa fupi: mji uiombe Serikali iwarudishe nyumbani wanajeshi walioko Iraki, wakiwemo vijana wa jeshi la akiba la jimbo la Vermont. Mwanawe Luc alikuwa mmoja wao, dereva wa lori huko Ramadi. Dirishani kwa Odile ilining'inia bendera ndogo yenye nyota ya buluu, kama ilivyo kwa kila nyumba yenye mtoto vitani. Alipozunguka na hoja yake kutafuta saini, kila mlango wenye nyota ulifunguliwa kwa adabu na kufungwa bila saini. Waliotia saini ni wale wasio na mtu jeshini. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hoja ikianguka, Luc angesikia kwamba wazazi wa wenzake wamemkana mama yake mbele ya mji mzima.

Wendell Purdy, msimamizi wa mkutano, alimaliza bajeti ya barabara, akaisoma hoja. Wa kwanza kusimama alikuwa Carroll Gagnon, ndugu wa marehemu mume wa Odile. Alipigana Vietnam, na binti yake Theda alikuwa kikosi kimoja na Luc. Alisema kazi ya mji ni kokoto na theluji, si vita, na kwamba askari akisikia nyumbani wanambeza, mkono wake hutetemeka wakati mbaya. Hakupandisha sauti. Kisha akageuka.

"Shemeji, Luc anajua unachokifanya hapa?"

"Anajua. Nilimwuliza kabla sijamwomba mtu saini."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Mama, mimi nina amri zangu, wewe una kura yako. Kila mtu atumie cha kwake.'"

Mtu mmoja wa nyuma akataka mjadala ufungwe, watu wakale. Bi Eudora Stannard, aliyekuwa akifuma soksi mstari wa mbele, hakuinua macho.

"Mwaka jana tulibishana saa nzima juu ya mbwa wa Wendell," alisema. "Vita navyo tuvipe japo nusu saa."

Ukumbi ukacheka, Wendell akiwemo, na vita vikapewa nusu saa yake.

Kura ikapigwa kwa sauti. Ndiyo na hapana zilikaribiana, Wendell asiweze kuamua. Odile alikuwa akiwatazama wazazi wenye nyota. Walikuwa wamefumba midomo, macho kwenye viatu.

Carroll naye alikuwa amewaona. Akasimama tena, akasema watu wanamwonea haya shemeji yake, basi wapewe karatasi waseme kweli yao. Sheria inataka wapigakura saba tu kudai kura ya siri, na wanaume sita wakainuka pamoja naye. Odile akaketi. Kama wale walionyamaza ni wa Carroll, mambo yamekwisha.

Foleni ikapita mbele ya sanduku la mbao huku kina mama wa kanisa wakifunua masufuria ya maharage. Kura zikahesabiwa mezani, mbele ya watu wote. Carroll akaomba zirudiwe, akazihesabu kwa mkono wake, akapata idadi ileile. Wendell akasoma: ndiyo 121, hapana 43.

Kisha Roland Thibodeau, mwenye nyota mbili dirishani, ambaye mwezi Januari alimfungia Odile mlango, akasimama na kuanza kupiga makofi. Mkewe akasimama. Mstari wao wote ukasimama, kisha wa nyuma yao, na makofi yakatikisa vioo vya madirisha. Odile alisimama pia, bila kuinamisha kichwa.

Carroll akamjia akiwa ameshika kofia.

"Nimekupa ushindi kwa mkono wangu mwenyewe, shemeji."

"Umenipa. Na umeuhesabu kwa mkono huohuo."

Carroll akacheka kwa pua. Matokeo yalihitaji saini za mashahidi wawili kabla ya kupelekwa makao makuu ya jimbo. Bi Eudora alikuwa ameshaweka soksi chini na kutia yake. Carroll akavuta kiti, akaomba kalamu, akatia ya pili.