Baiskeli ya Kwanza Kwenye Mstari wa Buluu

Mchora ramani wa manispaa alikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa kazini. Ya tatu, mkuu wa idara alimweleza bila kumung'unya maneno, isingekuwa ya onyo, ingekuwa ya kwaheri. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu, watoto wawili bado wako chuoni, na adui yake alikuwa mmoja tu: foleni ya magari. Basi akanunua baiskeli. Hapo tusimcheke. Sababu za kumcheka zipo nyingi, na hiyo si mojawapo.

Kwanza, hakujua kuiendesha. Alijifunza uani kwa wiki tatu, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mkewe akishikilia tandiko na kukimbia nyuma yake.

"Tazama mbele, baba watoto," mkewe alimwambia. "Hiyo miguu unaikagua ya nini? Haitakimbia ikuache."

Wiki ya pili aliparamia kamba ya nguo, akainuka amejifunga shuka kama bibi harusi. Wiki ya tatu alizunguka uani mara nne bila kushikwa, majirani wakapiga makofi juu ya ukuta.

Pili, kuna jinsi alivyopanga safari yenyewe. Mtu mwingine angemuuliza muuza maziwa, anayekata mitaa kwa baiskeli kila alfajiri. Yeye amuulize muuza maziwa? Yeye aliyechora mitaa yote ya mji ule kwa mkono wake? Alitandaza ramani kitandani, akavaa miwani, na pale pale akakiona alichokuwa akikitafuta: mstari wa buluu, njia ya baiskeli, kutoka nyuma ya soko hadi lango la ofisi. Hapakuwa na mlima wala magari. Aliuchora mwenyewe miaka tisa iliyopita, wakubwa walipoamua ghafla kwamba mji wao ni wa kisasa. Akapiga hesabu: kilomita nne na nusu, dakika ishirini na tano kwa mwendo wa anayeanza. Akaongeza dakika tatu, mbili za kuanguka na moja ya kujikung'uta.

"Umewahi kuiona hiyo njia?" mkewe aliuliza.

"Nimeichora."

"Sikuuliza kuchora. Nimeuliza kuiona."

"Mama watoto, kitu nimekichora mimi, kitanipotezaje?"

Mkewe akambana suruali kwa pini ili isiingie kwenye mnyororo. Ndoa ya miaka thelathini inamfundisha mtu wapi pa kubishana na wapi pa kubana suruali.

Jumatatu saa moja na nusu aliondoka, kofia ngumu kichwani, ramani imefungwa kwenye usukani. Mstari ulimpitisha kwenye karakana ya seremala. Akapiga kengele, mafundi wakainua mbao, akapita chini yake ameinama. Ukampitisha kwenye banda la kuku, na kuku nao wakampisha, ingawa kwa matusi. Kulia kwake, hatua kumi tu, palikuwa na barabara nzuri ya lami, tupu kabisa. Hakuitazama hata kwa jicho moja. Kuuacha mstari kungekuwa kukiri kwamba ramani inadanganya, na ramani ilikuwa yake.

Kisha akafika kwenye nyumba. Ilikuwa nyumba ya tofali, mlango wa kijani, katikati kabisa ya mstari wa buluu. Akatazama ramani. Nyumba haikuwemo. Akatazama mbele. Nyumba ilikuwepo. Akashuka, akabisha hodi.

Akatoka mama mmoja aliyepita umri wa makamo, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Alimwangalia kofia, akaangalia magurudumu, akaiangalia ramani.

"Hatimaye," alisema. "Mmeanza kupita."

"Shikamoo, mama. Nani ameanza kupita?"

"Marahaba. Nyinyi baiskeli." Akaingia ndani akarudi na bahasha nene. "Miaka tisa naomba kuunganishiwa maji. Kila mwaka manispaa wananijibu hivi hivi. Soma."

Akasoma. Ombi lako limekataliwa. Kwa mujibu wa ramani, eneo hilo halina nyumba, ni njia ya baiskeli, na linatumiwa na waendesha baiskeli.

"Nimewasubiri sana," mama alisema. "Mpaka nikadhani labda mnapita nikiwa sokoni."

"Nyumba hii umejenga lini, mama?"

"Alijenga marehemu mume wangu. Sasa ina miaka ishirini na mbili."

Mchora ramani aliikumbuka siku aliyouchora mstari ule. Ilikuwa Ijumaa jioni, watu wanafunga makabati, na yeye hakwenda kukagua chochote. Aliweka rula tu, akavuta wino. Nyuma ya mlango aliona ndoo saba zimepangwa, na magoti ya mama yamefungwa vitambaa, maana bomba la karibu lilikuwa juu kilimani. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Basi pita," mama alisema.

"Nipite wapi?"

"Ndani! Nimeitwa njia miaka tisa sijapitiwa hata na toroli. Leo utapita."

Na yeye, utasemaje, akapita. Alipanda baiskeli mlangoni, mama akisukuma tandiko, akakatiza kati ya cherehani na meza, akajigonga kwenye kabati na kuangukia rundo la vitambaa. Nyuma hapakuwa na mlango. Wakaitoa baiskeli dirishani, wakihema wote wawili. Mama akavua utepe shingoni, akapima upana wa usukani.

"Mko wangapi mnaokuja?" aliuliza. "Nijue mlango wa nyuma niutoboe kiasi gani."

Alifika ofisini saa mbili na nusu. Mkuu wa idara alikuwa na fomu ya sababu za kuchelewa mezani, na hakuwa mtu mbaya.

"Andika umepata pancha," alimnong'oneza. "Pancha inakubalika. Tuyamalize, mzee mwenzangu."

Mchora ramani akashika kalamu. Aliwafikiria watoto chuoni, akamfikiria mkewe. Pancha ni neno dogo, lingemtosha kwa miaka minne. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na kilomita nne na nusu tu. Akaandika: *Nimechelewa katika nyumba ya fundi cherehani, nyuma ya soko. Njia ya baiskeli haipo. Niliichora bila kwenda.*

Mkuu alisoma, jasho likamtoka. "Hapo hakuna nyumba. Ramani yako hiyo hapo ukutani."

"Basi sikuchelewa."

"Umechelewa nusu saa!"

"Wapi?"

Bila nyumba hakukuwa na kosa, na saa ya ukutani ilisema kosa lipo. Mkuu alizunguka meza mara mbili. Mwishowe akaketi, akaandika barua kwa hasira, akaipiga muhuri mpaka kikombe kikaruka.

*Unaachishwa kazi kwa kukaa nusu saa, wakati wa kazi, katika nyumba ya fundi cherehani iliyopo nyuma ya soko.*

Mchora ramani aliisoma mara mbili. "Naomba nakala," alisema.

Alirudi kwa barabara ya lami, akiikokota baiskeli, maana macho yalikuwa yamejaa machozi na anayeanza haendeshi hivyo. Alipofika kwa fundi cherehani, akaiweka nakala juu ya cherehani. Mama akaisoma polepole, akagusa muhuri kwa kidole.

"Wamesema nyumba ipo," alisema.

"Wamesema, mama. Ipeleke dirisha la maji la manispaa leo leo, kabla hawajaisoma vizuri."

"Na wewe je?"

"Sasa asiyekuwepo ni mimi."

Mama akaweka barua kifuani. Kisha akamvutia kiti, akamwambia akae.