Kipokezi Kilichochelewa Kushika

Kipokezi kilifika kimevikwa soksi. Aliyenikabidhi ni mfanyakazi mwenzake binti yangu, aliyekuwa anapita mjini kwetu akienda likizo kwao. Alikataa hata maji ya kunywa, akasema gari linamsubiri. Nilikivua soksi palepale getini. Kilikuwa kidogo, cheupe, kimelainika pembeni kama kipande cha sabuni kilichokwisha kuogewa. Kina kitufe kimoja na taa moja. Unakiwasha, kinaongea na simu yako bila waya, na simu inakuonyesha ulipo kwenye ramani. Taa ikiwa nyekundu, bado kinatafuta setilaiti. Ikigeuka kijani, kimeshika.

Soksi niliifua, nikaianika, nikaitia kwenye droo ya binti yangu.

Mimi ni mpima. Nina diploma ya upimaji ardhi na nimeajiriwa idara ya maji. Kazi yangu ni kuweka kwenye ramani valvu zote za mji, yaani zile koki kubwa zilizo chini ya ardhi, ili bomba likipasuka watu wajue pa kufunga. GPS ya ofisi ilikuwa imetumbukia kwenye chemba iliyojaa maji, ikitokea mikononi mwa fundi bomba wetu tunayemwita Koleo, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba iliruka yenyewe. Nilimsimulia binti yangu kwenye simu kama kichekesho. Yeye pia ni mpima, kazi hii aliniiga mimi, sasa yuko nchi ya mbali anapimia watu wanaojenga daraja. Akasema atanitumia kipokezi chake, kwa sababu kampuni imempa kingine kikubwa zaidi.

Hapo ndipo moyo ulipoanza kunisumbua. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na tangu alipoondoka wimbo ulikuwa mmoja: mkataba ukiisha narudi. Lakini mtu anayejiandaa kurudi nyumbani hagawi vifaa vyake vya kazi. Nilitaka kumuuliza moja kwa moja, unarudi au hurudi. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Waulize wanaofanya kazi nami. Ila hilo lilinikwama. Simu zetu ni za Jumapili, na ni fupi. Mimi namuuliza amekula nini na kikohozi kimeishia wapi. Yeye ananiuliza habari ya presha yangu. Kisha mmoja wetu anasema haya, tutaongea. Hatuongei, tunapeana taarifa.

Asubuhi ya kwanza niliiwasha Sabuni jikoni, wakati nasubiri chai ichemke. Ndilo jina Koleo alilokuja kuipa, nami nitaiita hivyohivyo. Taa ikawa nyekundu. Ramani ikafunguka kwenye simu, na juu yake likatokea doa la kijivu. Halikuwa kwetu. Lilikuwa kule kwake.

Nilielewa mara moja, ndiyo kazi yangu. Vifaa vya namna hii vinakumbuka mahali viliposhika mara ya mwisho. Ukivizima, ukavisafirisha mbali, ukaviwasha tena, vinaanza kutafuta setilaiti za anga la kule vilikotoka. Ndiyo maana vinachelewa. Vinaamini havijaondoka. Vikishashika mahali papya, pa zamani panafutika, na doa linahamia ulipo.

Nikaikuza ramani. Paa la bati la kijani. Uani kitu cha buluu. Njia nyembamba inayotokea barabara kubwa. Binti yangu alikuwa hajawahi kunitumia picha ya anapokaa kwa nje; kila picha ni uso wake na ukuta nyuma. Nililitazama lile paa mpaka chai ikafurika na kuzima moto. Kisha nikaizima Sabuni kabla haijapata chochote, nikaenda kazini.

Kesho yake nikafanya vilevile. Na kesho kutwa. Nilipiga picha ya skrini, mimi si mjinga, naweza kutunza picha. Lakini picha ni picha. Sabuni ilikuwa ni kitu kilichotoka mikononi mwake, na bado kilikuwa kinaamini kiko naye. Nikakipa chai, kwa namna ya kusema. Nikakaa nacho. Bati la jikoni kwangu ni zito na ukuta ni wa mawe. Hata kingewaka mchana kutwa kisingeshika, na mimi nilijua hivyo vizuri kabisa.

Kazini nilisema kifaa kipya ni kizito kushika. Kilikuwa kizito kweli. Kinawashwa chini ya bati na kuzimwa kila siku kabla hakijamaliza kutafuta, kingekuwaje chepesi? Tukaendelea kupima kwa futi ya mkono, kutoka pembe ya duka mpaka mfuniko wa chemba, kutoka nguzo mpaka mfuniko, Koleo akinung'unika kwamba mgongo wake haukuajiriwa kuinama kiasi hiki.

Mambo yaliharibika walipoleta lami. Barabara ya sokoni ilikuwa inawekwa lami, na valvu zake zote zilikuwa zinakwenda kufukiwa. Lile duka la pembeni tulilolitegemea kwa vipimo lilikuwa limebomolewa kupisha barabara, kwa hiyo futi haikuwa na pa kuanzia. Mtambo wa kushindilia ulikwishaegeshwa mwisho wa njia. Mara ya mwisho lami ilipotutangulia, tulirudi kuichimbuachimbua kama kuku jalalani, na mtaa mzima ukatutukana. Mkuu wetu wa kazi, kijana mpole ambaye ananiita mama hata akikasirika, akanikuta nimesimama katikati ya vumbi na taa nyekundu mkononi. Akataka kujua hiyo GPS inafanya kazi au haifanyi kazi.

Kila mtu akawa na dawa yake. Dereva akasema itikiswe. Koleo akaifunga kwenye mpini wa koleo na kuinyanyua juu, akizunguka nayo barabarani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Wanawake wa upande wa pili wakamuuliza kama anakamata redio. Akawajibu kuwa anatafuta mke, anayetaka ajitokeze kwenye ramani. Nikamwambia aishushe. Mkuu akasema kwa upole wake, lakini bila kunipa nafasi ya kukataa, nimpigie aliyenipa anieleze.

Nikampigia. Akapokea haraka mno.

"Mama, nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Sabuni yako haishiki."

Ilibidi nimweleze Sabuni ni nini. Nilisikia pumzi zikimrudi, kisha akawa mpima. Akauliza kuna miti. Hakuna. Kuna ukuta karibu? Ulikuwapo, umebomolewa. Akasema niiweke chini, juu ya mfuniko wenyewe, uso juu, na mtu yeyote asiiguse wala asisimame juu yake kuichungulia. Imetoka mbali, itachukua muda mara hii ya kwanza, baada ya hapo itakuwa nyepesi. Nikaiweka. Nikamwondoa Koleo kwa kiwiko. Akauliza mbona mpaka leo ni mara ya kwanza, kwani tangu ifike nimekuwa naiwashia wapi.

"Jikoni," nikasema.

"Jikoni. Chini ya bati. Wewe, mama, uliyekuwa unanifukuza hata kwenye kivuli cha ukuta tukipima?"

"Nilikuwa naangalia paa lako."

"Paa gani?"

Nikamweleza. Bati la kijani. Kitu cha buluu uani. Ile njia. Nilieleza kama mtu anayetoa ushahidi, na nadhani sauti ilinisaliti kidogo, kwa sababu Koleo aliacha kuchokonoa meno.

Binti yangu akaanza kucheka. Alicheka, akajizuia, akacheka tena. "Mama yangu, hiyo ni stoo ya kampuni. Kile cha buluu ni turubai la pikipiki ya mlinzi. Nilikiwashia pale nione kama kinakaa na chaji, halafu nikakivika soksi. Kwangu hata hapaonekani hapo."

Siku zote hizo nilikuwa naamkia stoo. Nilikuwa nakunywa chai na pikipiki ya mlinzi. Ningeweza kucheka, na baadaye nilicheka, ila wakati ule nilihisi kama nimebisha hodi, nimekaribishwa, nimeketi, ndipo nikaambiwa nyumba siyo.

"Basi niambie kwako," nikasema.

"Kukoje?"

"Nieleze. Tunasubiri setilaiti, sina kazi nyingine."

Akanieleza. Mwanzoni kwa mkato, kama taarifa zetu za Jumapili. Chumba ni cha ghorofani, ngazi ziko nje. Mlango unakwama, lazima uusukume kwa goti huku umenyanyua kitasa. Nikamuuliza goti lipi, akasema la kulia, lina alama. Kisha akaanza kulegea. Dirisha linatazamana na dirisha la bibi mmoja ambaye hawajawahi kusalimiana naye kwa sababu hawana lugha moja, ila kila mmoja akifungua lake asubuhi mwenzake anapunga kitambaa cha vumbi. Jiko ni la kupikia mtu mmoja. Ukiweka sufuria ya pili ya kwanza inasogea ukingoni. Pazia alilishona kwa ile shuka niliyomfungia siku anaondoka. Lilikuwa fupi, kwa hiyo akaunga kipande chini, cha rangi nyingine, na sasa jua likipita sakafu inakuwa na mistari.

Hapo kwenye pazia, taa ikageuka kijani.

Koleo aliiona. Akanyoosha kidole, akafungua mdomo. Nilimtazama, nami nikimtazama mtu huwa anaelewa. Akageuka, akaenda kwenye gari kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Imeshika?" akauliza binti yangu.

"Bado."

Akaendelea. Shuka yenyewe ilikuwa na doa la chuma cha pasi, nakumbuka? Nakumbuka. Doa amelificha kwenye pindo. Mkuu wa kazi alikuwa anatazama saa yake. Mtambo wa kushindilia ukawashwa, ukazimwa, labda walikuwa wanaujaribu tu. Nilijua nikisema imeshika, binti yangu atasema haya mama, kazi njema, na mpaka Jumapili.

"Mwanangu," nikasema, "unarudi au hurudi?"

Nilisikia mlango kule kwake, watu wakipita, kisha kimya. Nadhani alihamia pembeni.

"Nimesaini mkataba mwingine, mama. Kila Jumapili nilitaka kukwambia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka daraja liishe."

Nikasema sawa. Haikuwa sawa, lakini ningesema nini? Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mpima haachi kazi katikati, anayekuja nyuma yako atakulaani. Alinisikiliza utotoni wakati sikudhani ananisikiliza. Nilijikuta natamani angekuwa mtoto mkaidi, mvivu, mwenye kukaa kwangu na kunimalizia mkate.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Nitakasirika vizuri nikifika nyumbani. Hapa niko kazini."

Akacheka kidogo, cheko la pua lenye maji. Kisha akawa anapumua kwa mdomo, na nikajua anafikiri, ndivyo alivyo tangu mdogo.

"Mama. Anga likoje huko?"

"Safi."

"Hakuna wingu?"

"Hakuna."

"Na hamjaigusa."

"Hatujaigusa."

"Basi imeshashika."

"Imeshika ulipokuwa kwenye pazia," nikasema. "Usikate."

Hakukata. Nilisikia kiti kikivutwa, akakaa. Mkuu wa kazi akanisogelea, akaiona taa, akaniona mimi, akarudi alipotoka. Nilichuchumaa pale kwenye mfuniko, simu sikioni, vumbi likinipanda miguuni.

"Haya nisomee," akasema binti yangu.

"Nikusomee nini?"

"Namba za mahali hapo. Nijue umesimama wapi. Ngoja kwanza, natafuta kalamu."