Mgongo wa Mama kwa Kiingereza

Binti alikuwa anachemsha chai huku midomo ikimcheza, akikariri maneno mazito ya Kiingereza aliyoyabandika ukutani juu ya jiko. Mama yake, aliyeshona mashati kiwandani tangu binti huyo akinyonya, alikaa pembeni akijikanda kiuno kwa chupa ya maji ya moto.

"Leo ndiyo unatusemea?"

"Leo, mama."

Utafiti wake wa chuo ulihusu migongo ya washonaji. Mama ndiye aliyewabembeleza wenzake wafunguke, na ombi lao lilikuwa moja tu: viti vyenye egemeo badala ya vile vigoda. Lakini msimamizi wake chuoni aliurudisha utafiti kila alipoupeleka. "Unaandika kama unapiga soga na jirani," alimwambia. "Tafuta maneno ya kisomi." Basi akafuta maumivu, akaweka neno refu. Akafuta kigoda, akafuta na kiti. Kadiri alivyofuta ndivyo msimamizi alivyochangamka. Usomi wenyewe ndio huo!

Alasiri, ukumbini, alikuwa ameshasimama mbele ya jopo la watahini mlango ulipofunguka. Mama na wenzake waliingia na sare zao za kiwanda, wakabanana safu ya nyuma. Binti akamgeukia mwenyekiti wa jopo.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba niseme machache kwa Kiswahili. Wale pale nyuma ndio..."

"Binti, unataka kufaulu au hutaki?"

Alitaka. Akayamwaga maneno yote ya ukutani, hakukwama hata mara moja. Mwenyekiti akatangaza kwamba amefaulu, na makofi yakapigwa. Wale wa nyuma nao walipiga, huku wakiwatazama wengine ili wajue pa kuachia. Aibu ikamshika binti.

Nje, mama alimkumbatia. "Hongera, mwanangu, umekitiririsha Kiingereza kweli kweli! Ila nilitega sikio mwanzo hadi mwisho. Kiti kwa Kiingereza nakijua, ulinifundisha mwenyewe ukiwa chekechea. Mbona sikukisikia?"

Wenzake walisogea wasikie jibu, mmoja kajishika kiuno.

"Kilikuwemo, mama," alisema, akiangalia viatu vyake.

Mama akawageukia wenzake, uso umemkunjuka.

"Si niliwaambia? Kasema!"