Kichwa cha Radoy

Radoy alikuwa bingwa wa mieleka, judo na kunyanyua vyuma, lakini kule Vienna aliponzwa na kichwa chake. Mpinzani alikuwa amemkunja mkono, refa akamuuliza kama anasalimu amri. Radoy akainamisha kichwa na kukiinua; kwetu Bulgaria, hiyo ni hapana, na kutikisa kichwa ndiyo ndiyo. Refa akaona amekubali, akampa mpinzani ushindi.

Kwa hasira akajizoesha miaka mitano kukubali kwa kuinamisha kichwa kama wageni, akabeba medali saba. Kisha akarudi kijijini kwao, akaenda kuposa kwa mzee Gencho.

"Haya, bingwa, binti yangu unamtaka kweli?"

Radoy akainamisha kichwa na kukiinua.

"Humtaki? Sasa pombe yangu ya rakia unainywa kwa lipi? Toka!"

Radoy akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mbele ya mlango uliokwisha kufungwa.