Maziwa ya Mama Nasike

Wacera alikuwa mwepesi wa kuandika programu, na wepesi huohuo ndio uliomponza. Chama cha wafugaji cha Misikhu kilikuwa kimeipa ofisi yake ya Kitale kazi ya kuwatumia wakulima majibu ya vipimo vya ng'ombe. Ndani ya programu yake ya Java, kila mkulima alikuwa kifurushi kimoja chenye jina, namba ya simu na jibu. Wacera alipita vifurushi vyote akichomoa namba, akazipanga orodha moja. Akachomoa majibu, akayapanga orodha ya pili. Kisha akaoanisha: namba ya kwanza na jibu la kwanza, ya pili na la pili, mpaka mwisho. Palipokosa namba aliparuka, maana pengo lingeiangusha programu. Jumatatu akatuma, akanywa chai yake kwa raha zake.

Alhamisi asubuhi Wekoye, mfugaji wa Matulo, akapiga simu amefura.

"Madam, si mlisema ng'ombe yangu iko na ugonjwa wa brusela? Daktari amerudia kupima, ati iko sawa kabisa! Na mimi nilikuwa nishaita mchinjaji, bana!"

Wacera alifungua orodha zake, akazilinganisha. Kabla ya Wekoye palikuwa na mkulima asiye na simu. Programu ilimruka kwenye namba, haikumruka kwenye majibu. Jibu lake likamwangukia Wekoye, na wote wa nyuma wakapokea ya wenzao. Kurekebisha hakukuwa kazi: namba na jibu vitolewe pamoja, kutoka kifurushi kimoja. Aliwatumia wote ujumbe wa kuomba radhi, isipokuwa yule mmoja, Mama Nasike wa Misikhu. Ng'ombe mgonjwa alikuwa wake.

Karani wa chama hakushika simu. Wacera akaenda mwenyewe.

"Karibu, mwanangu! Kutoka Kitale kote huko?" Mama Nasike alimpokea kwa mikono miwili. "Nelima, letea mgeni maziwa lala!"

Nelima, mke wa mwanawe, akatoka jikoni tumbo mbele, na vikombe viwili vya maziwa mabichi yaliyogandishwa mkononi.

"Huyu namlazimisha kunywa kila siku," mama akacheka. "Mtoto apate nguvu."

Nelima akainua chake. Wacera akamdaka mkono, maziwa yakamwagikia leso.

"Usinywe! Ng'ombe ni mgonjwa. Hayo maziwa yanaweza kuharibu mimba."

Mama Nasike aliketi taratibu.

"Mlijua lini?"

"Jumatatu, mama. Tulituma ujumbe, lakini... huna simu."

"Simu sina." Hakupaza sauti. "Lakini nyumba si iko? Jumatatu nilikuwa hapa. Jana nilikuwa hapa, namkorogea huyu maziwa."

Wacera alilia, na hakujificha. Kisha akamshika Nelima mkono, wakaenda hospitali wote watatu.

Nelima alipotolewa damu, karani wa hospitali akauliza majibu yatumwe namba gani. Nelima naye hakuwa na simu; Mama Nasike akamgeukia Wacera.

"Andika yangu," Wacera akasema. "Halafu nitampelekea mwenyewe, mpaka mlangoni."