Bwawa Lisilovutwa na Mwezi

Kabla ya maziko ya Mzee Munyi, akina mama wa kanisa walisafisha boma lote. Walifagia uwanja, wakafyeka ua, kisha wakaopoa ukijani wote katika bwawa la samaki na kuongeza maji mapya, wageni wasije wakaona uchafu. Waliondoka maji yakiwa meupe kama ya kunywa, na Ednah, binti wa marehemu, akawashukuru sana.

Wiki chache baadaye samaki walikuwa wamekonda, vichwa vikubwa kuliko miili.

"Mvua ikianza nalifukia bwawa hili," kaka yake Gitari alisema. "Nipande nduma. Nduma hazifi njaa."

Ednah hakuwa mtu wa kubishana. Alikwenda kukaa ukingoni, pale baba yake alipopenda kuvua viatu vyake vya mpira na kusimulia miaka aliyowabebea ndoo watafiti wa bahari kule Kilifi. Kijiji kizima cha Karurumo hakuna aliyemwamini aliposema tone moja la bahari lina mimea isiyoonekana kwa macho, na kwamba samaki wote wanaishi kwa hiyo.

"Mwezi ukiivuta bahari, maji yakijaa na kupwa yanatikisa tope," alikuwa akisema. "Mbolea ya chini inapanda, ile mimea inashiba. Mingine inapenda maji yanayochafuka, mingine yaliyotulia, ndiyo maana kuna aina nyingi. Lakini tope likizidi jua halipenyi, yote inalala njaa." Kisha alikuwa akicheka. "Hapa kwetu mwezi hauvuti bwawa. Lazima mtu alivute."

Ndiyo maana baba aliingia majini na mti wake mrefu wa kukorogea kila asubuhi na jioni! Na wao walidhani ni mchezo wa uzee, na ukijani ni uchafu tu.

Ednah alizamisha gunia la samadi, akauchukua ule mti, akakoroga taratibu. Kesho yake akarudia, na siku zilizofuata.

"Kumbe siku hizi mwezi ni wewe?" Gitari alimtania kutoka kwenye mibuni. "Haya, vuta!"

Mawingu ya mvua yalipotanda juu ya kilima cha Kirimiri, Gitari alikuja na jembe begani. Maji yalikuwa ya kijani. Alipiga magoti, akazamisha mkono hadi kiwiko, kama baba yao alivyozoea kupima. Vidole havikuonekana; ile mimea ilikuwa imerudi. Samaki akamgonga, Gitari akaruka nyuma, na Ednah akacheka kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Gitari aliliegemeza jembe kwenye mgomba.

"Asubuhi umekoroga?"

"Nimekoroga."

"Basi lete huo mti. Jioni ni yangu."