Harusi na Shamba la Kina Mama

Harusi aliporudi Mambrui kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili kule Mombasa, majirani walikuja kumpa pole, lakini waliokuwa na wachanga waliwaacha nyumbani. Aliketi juu ya mkeka, akaitikia salamu, akashukuru. Kila alipoinua uso, alikuta jicho la mtu likimkwepa.

Kisa chake mtaa mzima ulikijua. Arubaini ya bintiye Fatu ilikuwa haijatimia usingizi ulipomtoka. Akawa halali usiku wala mchana, anasema kuna sauti inamwambia mtoto ana kiu. Asubuhi moja mkwewe, Bi Hindu, alimkuta mdomoni mwa kisima, ameinama, mtoto mikononi. Ukelele ukapigwa, watu wakajaa. Alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, halikumfaa. Mwisho mumewe Jaafar, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi Marereni, akaomba ruhusa kazini akampeleka Mombasa.

Sasa amerudi, na Bi Hindu hakumtukana wala hakumnyima chakula. Mtoto tu ndiye hakumpa.

"Utampakata ukishapoa sawasawa, mwanangu."

"Nimepoa, mama."

"Hata bahari hutulia," alisema Bi Hindu, akaingia chumbani na mjukuu wake.

Jirani yao Shekha ndiye aliyemtoa nje. Mwaka uliotangulia, ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada ilipowabana, Shekha alikusanya kina mama wakaomba kiwanja nyuma ya madrasa, wakalima mchicha, bamia na mabilingani. Alibisha hodi asubuhi, buibui limefungwa kiunoni.

"Bi Hindu, shikamoo. Nimekuja kumwazima mkazamwanao."

"Marahaba. Huyu mgonjwa, Shekha."

"Mgonjwa ana mikono. Ndani humu anahesabu boriti tu."

Siku ya kwanza shambani, mwanamke mmoja alilichukua panga lililokuwa karibu na Harusi, akalificha chini ya leso yake, akidhani hajaonekana. Harusi aliona. Akasimama asijue pa kuanzia, mpaka Nyevu, mama wa Kigiriama aliyetoka Ganze, akamtia jembe mkononi.

"Shika hili, mpini wake haukwaruzi," alisema. Wakalima sambamba. Baadaye kidogo Nyevu akaongeza, "Kwetu dada yangu alipatwa kama wewe. Hakupewa jembe. Alifungiwa ndani."

"Akawaje?"

Nyevu aliendelea kuvunja madongoa. Na kwa kuwa Harusi hakukisogelea kisima cha pale, Nyevu alimtekea maji, bila ya kumuuliza sababu.

Jua likipanda, wanawake walikaa kwenye kibanda cha makuti wakasuka chane za miyaa kuwa ukili wa mikeka, huku wakiimba, kila mtu akitoa ubeti wake. Vidonge vya hospitali vilimtetemesha Harusi mikono. Ukili wake ukaenda upogo. Shekha akautazama, akaufumua wote, akamrudishia.

"Umeruka chane. Anza upya."

Harusi akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Hayakuwa ya uchungu. Tangu arudi, hakuna aliyethubutu kumkosoa. Alisemeshwa kama kikombe chenye ufa. Akaanza upya.

Siku nyingine zamu ya kuimba ilipomfikia, wenzake wakataka kumruka kama kawaida. Akafungua kinywa:

*Mchicha nikupalie, usingizi nirudie.*

Kisha Nyevu akaupokea ule mstari, na wengine wakaitikia, na jioni ile watoto wa mtaani walikuwa wakiuimba njiani.

Bi Hindu aliusikia. Akaanza kuja shambani na Fatu mgongoni, akamweka mapajani mwa mamake, yeye mwenyewe ameketi karibu, mkono tayari. Harusi alinusa utosi wa mwanawe na moyo wake ukamwenda mbio kwa mapenzi na kwa hofu, asiweze kutenga kipi ni kipi.

Alitaka sana ukili wake unyooke. Alitaka kumshonea Fatu mkeka wa kulalia. Basi akaacha vidonge, akavificha ndani ya mto. Mikono ikatulia kweli, ukili ukanyooka, wenzake wakamsifu. Lakini usingizi ukaanza kumpungukia, na mambo madogo yakamtia hasira. Hakumwambia mtu.

Mpaka asubuhi ile shambani, Fatu mapajani mwake, Bi Hindu ameinuka kuchuma bamia. Sauti ikaja waziwazi, kama mtu aliyeketi nyuma yake: mtoto ana kiu.

Harusi alijua akisema watamnyang'anya mtoto, pengine moja kwa moja. Alijua pia kisima kilipo. Akainuka, akampa Nyevu mtoto.

"Mshike. Mpeleke mbali nami."

"Kuna nini?"

"Ile sauti imerudi. Vidonge niliacha."

Mwanamke mmoja akabeba mwanawe akaondoka, na wa pili akamfuata. Bi Hindu alikuja mbio, bamia zikimwagika.

"Nilisema! Nilisema mimi!"

Shekha alikuwa ameshamshika Harusi mabegani. "Mara hii amesema mwenyewe, Bi Hindu. Hukumfumania."

Bi Hindu akabaki anahema, anamtazama mkwewe.

"Nyevu, kaa na mtoto," akasema Bi Hindu hatimaye. "Mombasa nampeleka mimi."

Harusi alilazwa tena, kwa muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza. Nyuma yake kikundi kilipungua. Wako waliosema hawalimi na mwenye wazimu. Nyevu aliyatunza matuta ya Harusi alivyoweza, bilingani likashika, mchicha ukaungua na jua.

Aliporudi, Fatu alikuwa anatembea. Alimwona mamake mlangoni, akakimbilia nyuma ya leso ya bibi yake, akachungulia kwa jicho moja.

"Hanijui," alisema Harusi.

"Mwite."

Akamwita. Mtoto hakwenda. Bi Hindu akaketi sakafuni baina yao, akakunja miguu.

"Mwite tena baadaye," alisema. "Tutangoja."